Jua la Buna Halijui Cheo

Mjadala wa mishahara ya polisi nchini Kenya huzunguka ngazi ya vyeo. Watu huuliza konstebo analipwa ngapi, inspekta ngapi, mrakibu ngapi, kisha wakalinganisha na mwalimu au muuguzi. Ngazi hiyo ni muhimu, na nitaieleza. Lakini askari aliyepangiwa Buna, kaskazini mwa kaunti ya Wajir, hulipwa kwa cheo na huumia kwa mahali. Mshahara wake hupangwa Nairobi kwa kutazama bega lake, ilhali gharama zake na hatari anayokabili hutokana na barabara ya Wajir kwenda Moyale, na maji yanayoletwa kwa lori, na umbali wa nyumbani kwao. Hoja yangu ni moja: mshahara wa msingi uendelee kufuata cheo, lakini fedha za mazingira magumu na za hatari zifuate mahali, na ziwe kiasi kimoja kwa konstebo na kwa mkubwa wake.

Tuanze na ngazi yenyewe. Chini kabisa yuko konstebo, halafu koplo, sajini na sajini mwandamizi. Hao ndio wabeba mzigo wa kila siku: doria, zamu ya usiku, kizuizi cha barabarani, kitabu cha matukio pale kituoni. Juu yao wako inspekta na inspekta mkuu, kisha mrakibu msaidizi, mrakibu na mrakibu mwandamizi, ambao kwao hutoka wengi wa wanaosimamia vituo na kaunti ndogo. Kileleni wako makamishna, wasaidizi wa Inspekta Jenerali, manaibu wake wawili na Inspekta Jenerali mwenyewe.

Wa kileleni na wa chini hawapitii mlango mmoja kupata mshahara. Katiba ya 2010 inamhesabu Inspekta Jenerali na manaibu wake kuwa maafisa wa dola, na mishahara yao hupangwa moja kwa moja na Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC. Kwa wengine wote tume hiyo hutoa ushauri, Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi hushughulikia ajira, vyeo na masharti ya kazi, na Hazina ya Kitaifa hutafuta pesa. Kwa hiyo nyongeza ya konstebo hupita ofisi tatu kabla haijafika kwenye hati yake ya mshahara, na kila ofisi ina sababu zake za kuchelewa.

Hati hiyo ina sehemu mbili zinazopigana. Juu kuna mshahara wa msingi na marupurupu: ya nyumba, ya mazingira magumu, na mengine kulingana na kazi. Chini kuna makato. Wanasiasa hutangaza jumla ya juu. Mke au mume wa askari, aliye Kakamega au Embu, huijua tarakimu ya mwisho tu.

Tufanye hesabu kwa viwango vya mwaka 2025, kwa tarakimu za mviringo ili kila msomaji aifuate. Askari wa ngazi ya chini ana mshahara wa msingi wa shilingi 30,000 na marupurupu ya 15,000, jumla 45,000. Bima ya Afya ya Jamii, SHIF, ambayo tangu Oktoba 2024 hukata asilimia 2.75 ya jumla, inachukua 1,237. Ada ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, inachukua 675. Mpango wa uzeeni wa watumishi wa umma, ulioanza Januari 2021 kwa asilimia 2 na kupanda hadi 7.5 ya mshahara wa msingi, unachukua 2,250. Kinachobaki hutozwa kodi ya mapato: asilimia 10 kwa 24,000 za kwanza, asilimia 25 kwa 8,333 zinazofuata, na asilimia 30 kwa kila shilingi inayozidi hapo. Baada ya nafuu ya 2,400 ambayo kila mlipa kodi hupewa kwa mwezi, kodi inafika 4,635. Mkononi zinabaki takriban 36,200.

Sasa mchukue mkubwa mwenye mshahara wa msingi wa 110,000 na marupurupu ya 40,000, jumla 150,000. Kwa kanuni zilezile atabaki na takriban 102,400. Wa chini anaondoka na asilimia 80 ya jumla yake, wa juu na asilimia 68. Hapo mtu atasema mfumo ni wa haki, kwa kuwa mwenye kingi anakatwa kingi. Ni kweli kwa mshahara uliopo. Kwa nyongeza, hesabu inageuka.

Askari wetu wa 45,000 tayari amevuka 32,333, mahali ambapo asilimia 30 inaanzia. Mkubwa wake yuko ndani ya kiwango hichohicho, kwa kuwa kiwango kinachofuata huanza baada ya 500,000. Maana yake, ukiongeza shilingi 1,000 kwenye mshahara wa msingi wa kila mmoja wao, SHIF inachukua 27.50, ada ya nyumba 15, uzeeni 75, na kodi takriban 265. Mkononi zinafika 618. Konstebo anayelala nyuma ya mifuko ya mchanga na mkubwa anayelala mjini wanapoteza sehemu ileile ya kila elfu wanayoongezwa. Viwango hivi vya kodi, hadi cha asilimia 30, vilianza Januari 2021, bei za unga, mafuta na nauli zikapanda, navyo vikabaki palepale hadi hesabu hii ya 2025. Askari wa chini anasukumwa kwenye kiwango cha asilimia 30 na nyongeza iliyokusudiwa kumpa nafuu.

Tazama pia nyongeza inayotolewa kwa asilimia. Jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililoundwa Desemba 2022 na kukabidhi ripoti Novemba 2023, lilichunguza hali ya polisi, magereza na vijana wa huduma kwa taifa, likapendekeza mishahara ya polisi ipandishwe kwa takriban asilimia 40. Serikali ilikubali kuitoa kwa awamu tatu kuanzia Julai 2024. Ni hatua kubwa, na jopo linastahili shukrani kwa kusema wazi kwamba askari wa Kenya wanaishi vibaya. Lakini asilimia ina tabia yake. Asilimia 40 ya 30,000 ni 12,000, na asilimia 40 ya 110,000 ni 44,000. Nyongeza ya asilimia ileile kwa wote huacha uwiano kama ulivyokuwa na kuongeza pengo la shilingi, na dukani watu hununua kwa shilingi.

Hayo ni ya nchi nzima. Sasa tufike Buna.

Marupurupu ya nyumba katika utumishi wa umma hupangwa kwa makundi ya miji. Nairobi iko juu, miji mikubwa inafuata, na mwisho ni maeneo mengine yote, kwa hoja kwamba kodi ya nyumba ni nafuu huko. Mwaka 2018, serikali ilipofanya mageuzi ya polisi na kuwaruhusu askari kutoka kwenye nyumba za kambini wakapange uraiani, wazo lilikuwa kila mmoja aishi na familia yake karibu na kazi. Buna wazo hilo halina pa kukanyaga. Askari wa mpakani hulala kambini kwa sababu ya usalama, na aliyetoka mbali huiacha familia yake Kitale, Machakos au Homa Bay. Kwa hivyo anaendesha nyumba mbili. Anakula kwake peke yake, na anatuma kodi, karo na matumizi kwa familia iliyo katika mji ambao kodi yake haifanani hata kidogo na ile iliyotumika kupanga marupurupu yake. Anayepangiwa mahali pagumu zaidi huangukia kundi la chini zaidi la marupurupu ya nyumba.

Marupurupu ya mazingira magumu yangepaswa kuziba tundu hilo. Hapa ndipo kasoro kubwa ilipo. Utaratibu wa utumishi wa umma huyapanga kwa ngazi ya kazi: wa daraja la juu hupata shilingi nyingi, wa daraja la chini chache. Sijasikia hoja inayonishawishi. Mazingira magumu ni joto, ni maji ya chumvi au ya kununua, ni kukosa hospitali ya karibu, ni mtandao unaokatika mtoto akiwa mgonjwa nyumbani. Jua la Buna halijui cheo. Kama kuna tofauti, konstebo ndiye anayelipata zaidi, kwa kuwa yeye ndiye anayesimama kwenye kizuizi saa saba mchana.

Fedha hizo zina udhaifu mwingine ambao askari wengi huugundua wakiwa wamechelewa. Haziingii katika hesabu ya uzeeni. Mchango wa askari wa asilimia 7.5 na wa serikali wa asilimia 15 hukokotolewa kwa mshahara wa msingi peke yake. Kila 1,000 ya mshahara wa msingi huweka akiba ya 225 kwa mwezi, na kila 1,000 ya marupurupu haiweki chochote. Aliyetumikia miaka mingi ya ujana wake Buna, Khorof Harar na Hulugho anastaafu kwa hesabu sawa na mwenye cheo chake ambaye hakuwahi kuvuka mto Tana. Tena, siku anapohamishwa, marupurupu hayo hukoma. Kama alichukua mkopo kwa kutegemea jumla iliyokuwa na mazingira magumu, uhamisho wa kwenda mahali pa afadhali unamletea umaskini.

Mikopo ndiyo sura ya pili ya hati ya mshahara. Chama cha akiba na mikopo cha polisi kimewajengea askari wengi nyumba na kusomesha watoto wao, na sitakidharau. Lakini mtu wa 36,200 mkononi akiweka hisa za 3,000 na kulipa mkopo wa 12,000 anabaki na 21,200. Wapo ambao makato yao yote yanakaribia theluthi mbili ya ujira. Baada ya hapo huja daftari la duka. Katika miji midogo ya kaskazini mwenye duka humwandikia askari mchele, sukari, majani ya chai, maziwa na kadi za simu, na mwisho wa mwezi simu ya askari inalia mara mbili: pesa zinaingia, pesa zinatoka. Mwenye duka huyo ni raia ambaye askari amekuja kumlinda, na ndiye anayembeba hadi tarehe ya mshahara.

Ongeza safari ya likizo. Askari anayetoka Buna hufika kwanza mji wa Wajir, kisha Garissa, kisha Nairobi, ndipo aanze safari ya kwao. Tangu Novemba 2014, magaidi wa al-Shabaab walipoliteka basi karibu na Mandera na kuua abiria 28, na tena Desemba 2019, basi liliposhambuliwa katika kaunti ya Wajir likielekea Mandera na maafisa wa polisi wakawa wengi kati ya waliouawa, afisa aliye likizoni anajua kwamba kiti cha basi ni hatari kuliko zamu. Anayeweza kulipa hupanda ndege Wajir. Nauli hiyo humla konstebo sehemu kubwa ya mshahara wa mkononi, na mkubwa wake humla sehemu ndogo. Hatari ni moja, mfuko wa kuikimbia si mmoja.

Hatari hiyo ina orodha ndefu. Juni 2019, maafisa wasiopungua 8 waliuawa gari lao lilipokanyaga kilipuzi upande wa Konton na Khorof Harar, katika kaunti hiihii ya Wajir, wakiwasaka waliokuwa wamewateka polisi wa akiba. Juni 2023, maafisa 8 wakafa kwa kilipuzi katika kaunti ya Garissa. Machi 2025, polisi wa akiba 6 waliuawa kambini kwao Biyamadhow, Garissa. Katika doria ya namna hiyo wengi ndani ya gari ni makonstebo, makoplo na masajini. Kilipuzi hakichagui, lakini zamu huchagua, na zamu huwachagua wa chini.

Hao polisi wa akiba, ambao wananchi huwaita homugadi, ni aibu ambayo nchi imeizoea. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 inawatambua kama watu wa kujitolea. Ni vijana na wazee wa hapohapo, wanaojua kila kisima na kila njia ya ngamia, wanaozungumza lugha ya wenyeji, na ambao mara nyingi ndio wa kwanza kufika kunapolia risasi. Kwa miaka mingi serikali imewapa bunduki bila mshahara. Mazungumzo yoyote ya mishahara kwa vyeo yanayoanzia kwa konstebo yamekwisha kuruka safu nzima iliyo chini yake.

Kwa nini kasoro hizi hudumu? Jibu langu ni kwamba anayeumia hana mdomo rasmi. Mwalimu ana vyama vya KNUT na KUPPET, na mkataba wa pamoja unaotiwa saini na Tume ya Huduma kwa Walimu. Januari 2020, walimu watatu walipouawa Kamuthe, Garissa, tume hiyo iliwaondoa walimu wengi wasio wenyeji wa kaskazini mashariki, na shule zikabaki bila walimu. Sikuwalaumu walimu, na siwalaumu leo. Lakini polisi hana nafasi hiyo. Kifungu cha 24 cha Katiba kinaruhusu haki za kazi za wanajeshi na polisi kuwekewa mipaka, na polisi hawana chama cha kuwatetea wala ruhusa ya kugoma. Naelewa sababu: nchi haiwezi kuamka asubuhi ikakuta vituo vimefungwa. Lakini anayenyimwa haki ya kugoma anastahili kurudishiwa kitu, na kitu hicho ni utaratibu wa kisheria wa kupitia mishahara yake kwa tarehe inayojulikana, bila kungoja uchaguzi, msiba au jopo jipya.

Wakazi wa Buna nao wana haki katika jambo hili. Kaskazini mashariki imeijua dola kwa miongo mingi kama mtu mwenye bunduki. Kumbukumbu za vita vya Shifta vya miaka ya 1960 na mauaji ya Wagalla ya Februari 1984 hazijafutika Wajir. Hadi leo msafiri wa huku hujipanga na kitambulisho mkononi kila kizuizi. Rushwa pale kizuizini ni kosa la jinai na haina udhuru. Wapo makonstebo wengi wenye njaa ambao hawajawahi kumnyooshea msafiri mkono. Hata hivyo, dola inayomwacha askari wake na deni dukani, kisha ikamsimamisha barabarani akague malori na mabasi, inacheza na heshima ya raia wake. Mfugaji anayepeleka mbuzi sokoni hapaswi kulipia pengo lililoachwa na Hazina.

Wapo watakaosema kiasi kimoja kwa vyeo vyote kitawavunja moyo wakubwa. Sikubali. Mkubwa bado atakuwa na mshahara wa msingi mkubwa zaidi, uzeeni mkubwa zaidi na nafasi ya kupanda. Kinachosawazishwa ni fidia ya mahali, na mahali ni pamoja. Wengine watasema serikali haina pesa. Pendekezo hili halihitaji kuanza na fungu jipya. Chukua fungu lote la marupurupu ya mazingira magumu kwa polisi wa eneo moja, ligawe sawa kwa vichwa, na kwa kuwa wa chini ndio wengi na wa juu ni wachache, konstebo atapanda kidogo na mkubwa atashuka. Nyongeza zijazo zianzie kwenye msingi huo. Kumekuwa pia na mjadala wa serikali wa kuainisha upya maeneo ya mazingira magumu. Kama uainishaji huo lazima ufanyike, orodha ipimwe kwa maji, hospitali, barabara na mashambulizi, na ichapishwe wazi kila mtu aione.

Kwa hiyo ninaziomba SRC, Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi na kamati za Bunge mambo matano. Marupurupu ya mazingira magumu na ya hatari yawe kiasi kimoja kwa vyeo vyote katika kituo kimoja. Marupurupu ya nyumba ya askari anayelazimika kulala kambini yapimwe kwa mji inapoishi familia yake. Miaka ya utumishi wa mpakani iongezewe mchango wa uzeeni upande wa serikali, ili jasho la Buna lionekane siku ya kustaafu. Muda wa kukaa kituo kigumu uwe na mwisho unaojulikana, na safari ya likizo ilipwe na serikali kwa njia iliyo salama. Na polisi wa akiba aliyepewa bunduki alipwe posho ya kila mwezi na bima ya maisha inayoifikia familia yake upesi.

Mwaka wa fedha unaofuata, Waziri wa Fedha atakaposoma tarakimu za usalama, wabunge wa Wajir, Garissa na Mandera wasiulize tu mabilioni ni mangapi. Waulize konstebo wa Buna atabaki na shilingi ngapi mkononi baada ya makato yote, na wadai jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za Bunge, cheo kwa cheo na kituo kwa kituo.